Ufunguo wa Skrini ya Marehemu Urudishwe kwa Fundi

Mheshimiwa Meya,

Nina miaka themanini na moja. Nimezizika serikali mbili, mafundi wenzangu wote wa televisheni, na kila televisheni niliyopata kuitengeneza. Nakuandikia kwa heshima, ingawa nilikuona ukitambaa utotoni.

Umeninyang'anya ufunguo wa kabati la kompyuta inayoendeshwa na programu ya Linux, ile inayoonyesha matangazo ya misiba na picha za marehemu dirishani mwa ofisi ya kijiji, ukampa karani Zlatina. Naudai kabla ya Jumamosi. Siku hiyo Radka, mke wangu, anatimiza mwaka tangu afariki, na tangazo lake la kumbukumbu halitashikwa na mtu mwingine.

1. Zlatina anasema skrini hizi bapa huieleza kompyuta vipimo vyake zenyewe, kupitia waya, nasi tunyamaze. Tangu lini mgonjwa akajiandikia dawa? Mimi niliiamuru Linux isiisikilize skrini. Nikaandika kwa mkono wangu picha ianzie wapi, iishie wapi, irudiwe mara ngapi kwa sekunde. Vyote nilivitoa kichwani, vipimo vya televisheni za zamani zenye tumbo nyuma.

2. Ni kweli picha ilisogea kushoto kidogo, ikakatwa ukingoni. Mjane Stoyanka akanipigia kelele barabarani, "Wewe Gancho, sikio la mume wangu umelipeleka wapi?" Nikamwambia, "Shemeji, hata alipokuwa nalo hakukusikiliza." Hajanisalimu tena.

3. Nikaongeza kasi ya kurudia picha ili marehemu wang'ae. Skrini ikawa nyeusi Jumatatu hadi Alhamisi. Kijiji kikafurahi kwamba hakuna aliyekufa, hata jirani Rangel akatununulia sote rakia, ile pombe kali. Zlatina amewahi kutuletea furaha hiyo? Kwamba marehemu Iliya alizikwa Jumatano na kasisi peke yake, hilo si kosa la vipimo. Mvua ilinyesha.

4. Zlatina alifuta maandishi yangu, akabonyeza kitufe kimoja, picha ikakaa sawa pembe zote. Hata jasho hakutoa! Hiyo nayo ni kazi?

Basi ufunguo urudi, na Zlatina akatazwe vitufe. Msalimie mama yako na wote ofisini, Zlatina pia, ingawa hastahili. Haya atayathibitisha kasisi Metodi, na Rangel, akiwa hajanywa.

Ni mimi,
Gancho Pashov, Fundi

Tanbihi: Nimefika kuileta barua, nikamkuta Zlatina akijaribu tangazo la Jumamosi. Radka yumo mzima, na kilemba chake, na mkono wangu begani kwake. Kwa vipimo vyangu mkono huo ungekatwa. Ufunguo abaki nao. Jumapili tutagombana.