Katoni ya Sita ni ya Bure

Jumanne, 16 Februari 1993

Jirani yangu Mwanarusi amenitukana. Barazani kwangu, juu ya mkeka wangu, mkononi kashika kikombe changu cha kahawa! Ati mchele nilionunua Ramadhani ya mwaka jana ulikuwa na wadudu. Nikamwambia mdudu ana akili kumshinda yeye, mchele mbovu haugusi. Wanawake wakacheka.

Kikao kilikuwa cha mfungo. Sukari imepanda tena, unga ndio usiseme. Kama kila mwaka, wanawake wa mtaa wetu hapa Mishomoroni tumechanga, mtu mmoja aende ghala la jumla akanunue sukari, unga wa ngano, tambi na tende, kisha tugawane. Mtu huyo ni mimi. Tangu zamani ni mimi. Leo Mwanarusi kazuka na neno lake, ati sasa ni zamu ya mwengine. Mwengine nani? Yeye! Juzi tu nilikuwa namfuta makamasi.

Nikawauliza ni nani aliyewafundisha kununua kwa jumla. Nikapewa fedha mimi. Lakini Mwanarusi akasema mbele ya wote kwamba nikikosea mara hii, kazi inakuwa yake. Na wao wakaitika! Hata wale niliowakanda walipozaa wakaitika. Nimewatazama mmoja mmoja. Nimewaweka moyoni.

Nikosee mimi? Mimi Mwanarehema?

Alhamisi, 18 Februari

Changamwe. Vumbi, malori, moshi. Mwanangu Matano kanipeleka kwa pikapu ya kazini kwake. Ghala ni refu kama msikiti, magunia yamepangwa mpaka darini. Muuzaji ni kijana wa bara, Kamau, kajifungia nyuma ya waya kama kuku. Shikamoo hana. Akaniita mathee. Ati mathee! Nikamwambia mama yake yuko kwao, mimi hapa ni Bi Mwanarehema.

Nikauliza bei ya sukari. Akataja. Nikamtajia yangu. Akasema hapa hakuna kupatana, bei iko ukutani. Nikamwambia ukuta hauuzi, anayeuza ni yeye. Akacheka. Haya, nikakubali bei yake, kwa shingo upande, nikamuuliza nyongeza yangu iko wapi. Hakuelewa! Nikamfahamisha. Muuza samaki akishapima hutupia dagaa wawili juu. Muuza mafuta ya taa hummiminia mtu tone la ziada. Hata muuza mchicha huongeza majani. Sijapata kununua kitu bila nyongeza tangu nizaliwe, sitaanza leo kwa mtu aliye ndani ya tundu. Akasema sukari haina nyongeza. Unga hauna. Tambi hazina. Tende, ng'o.

Watu nyuma yangu wameanza kuguna. Matano ananivuta buibui. Ndipo nikaona katoni za chevda. Zimepangwa mpaka juu! Karanga, dengu na viazi, vyote vimekaangwa, vimetiwa chumvi na pilipili, tayari kuliwa. Na Kamau mwenyewe kwa kinywa chake akasema ukinunua katoni tano, ya sita ni ya bure.

Katoni nzima! Si dagaa wawili!

Nimefikiri haraka, ndivyo nilivyo. Chevda haihitaji mkaa. Haiozi. Haina wadudu, Mwanarusi atasema nini? Mtoto hula, mgeni hula, mzee asiye na meno hutwangiwa. Matano akanong'ona, mama, tulitumwa sukari. Nikamwambia anyamaze, watu wazima wanafanya biashara. Kamau naye akaanza kueleza jambo fulani juu ya katoni zisizofunguliwa, sikumsikiza, nilikuwa nahesabu za bure.

Sukari nimechukua kidogo. Unga kidogo. Fedha zilizobaki zote nimenunulia chevda. Pikapu ilijaa hata ikainama nyuma. Nimerudi nimekaa mbele kama bibi harusi.

Jumamosi, 20 Februari

Leo tumegawana. Wakaja na mabakuli, na sufuria, na foronya za mito za kutilia unga. Kila mmoja nikampa sukari ya kujaza kikombe, unga wa kujaza bakuli, na katoni za chevda. Nikangoja dua zao.

Mmoja aligeuza kikombe chake, labda alidhani sukari nyengine imeganda chini.

Mwanarusi akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaniuliza kwa upole, ule upole wake wa sumu, Bi Mwanarehema, chevda hii tutaitia kwenye chai au tutaipika kwa nazi? Nikamjibu kwamba mtu mjinga hata umpe asali atauliza atie wapi. Nikawaeleza habari ya katoni ya sita. Mara mbili niliwaeleza. Mama mmoja akasema watoto wake saba hawawezi kufuturu kwa karanga, akaanza kulia. Kulia! Kwa chakula cha bure!

Nimewaambia wangoje mfungo uingie, watanishukuru. Chumvi hushika nguvu mwilini. Wakila chevda wakati wa daku watafunga siku nzima bila kuhisi njaa. Wamekubali. Wangefanyaje, ndiyo iliyoko.

Jumatano, 24 Februari

Mwezi umeandama jana, leo ni Ramadhani mosi. Njaa sikuisikia, kama nilivyosema. Nilisema kweli! Ni kiu tu.

Lakini kiu gani hii? Saa nne ya asubuhi ulimi wangu umekuwa kipande cha gunia. Adhuhuri nikatoka nje, nikawakuta wenzangu wamejilaza barazani wote, wamejifunika kanga mbichi usoni. Mmoja aliniona akageukia ukuta. Mwanarusi, aliyekula daku kwa ndizi za nazi, alikuwa anafagia uwanja wake. Huku anaimba. Kwa sauti! Mtu aliyefunga aimbe kwa sauti namna hiyo?

Nimewaambia ni joto la mwaka huu.

Jioni nilikunywa maji mpaka tumbo likawa linapiga kelele nikitembea. Chai haina sukari. Chevda sikuigusa, si kwa ubaya wake. Nilikuwa nimeshiba maji.

Ijumaa, 26 Februari

Nimepata njia. Mimi sishindwi.

Mpangaji wangu wa chumba cha nyuma ni Agneta, msichana wa bara, Mkristo, mtu mwema ila ugali wake unanuka moshi. Anafanya kazi kiwanda cha mabati huko Changamwe. Leo kanieleza kwamba mchana wafanyakazi hutoka nje langoni wakakaa chini ya jua, hawana cha kutafuna. Wengi ni watu wa bara, hawafungi. Nikamwambia rudia hilo neno. Akalirudia.

Nitakusanya katoni kadhaa kwa wenzangu, tutauza chevda kule, fedha zitarudi, nitanunua sukari, na Mwanarusi atameza ufagio wake.

Bila shaka mimi siwezi kuuza chakula mchana wa Ramadhani. Astaghfirullah! Nina heshima zangu. Atauza Agneta wakati wake wa mapumziko. Mimi nitakaa kando tu na tasbihi yangu, nimewapa mgongo.

Jumatatu, 1 Machi

Niliwapa mgongo. Wallahi niliwapa.

Watu wakaja wengi, wakanunua. Agneta anapima kwa kikombe na kufunga kwenye karatasi, kama hivyo, kavukavu. Nikasikia fundi mmoja akiuliza, dada, huongezi hata kidogo? Agneta akasema haongezi. Nikavumilia. Wa pili akauliza. Agneta kakataa tena! Yarabi, watu watasema nini? Watasema Bi Mwanarehema wa Mishomoroni ni sawa na yule Kamau wa kwenye waya!

Nikageuka. Nikachukua kikombe. Kila mteja nikampimia kimoja, nikamwongezea kimoja, na konzi juu yake. Wakafurahi! Wakaitana mpaka wa kiwanda cha pili. Agneta akanisogelea akauliza, mama, tunauza ama tunatoa sadaka? Nikamwambia hii ndiyo biashara, atazame safu ilivyo ndefu. Na kweli, katoni zilikwisha kama moto wa makuti. Nikapandisha sauti, karibuni chevda, karibuni, nyongeza ipo!

Ndipo likasimama lori karibu nasi, akashuka mtu wa buibui. Mwanarusi! Anakwenda ghalani kwa Kamau. Akaniona. Mchana, Ramadhani, mikono yangu miwili imo ndani ya chevda, kinywa kiko wazi.

Hakucheka. Hakunitukana. Alisema tu, saumu njema, Bi Mwanarehema. Akapita.

Afadhali angenipiga kofi.

Fedha tulizopata hazitoshi hata nusu ya gunia la sukari. Agneta anasema ni nyongeza zilizotumaliza. Watoto wa bara hawajui biashara.

Jumatano, 3 Machi

Kikao. Barazani kwa Mwanarusi! Kahawa yake nyepesi.

Akawaeleza alikokwenda. Ati alimwendea Kamau, akamwamkia vizuri, akauliza kama anaweza kupokea chevda ambayo haijafunguliwa na kutoa sukari na unga badala yake. Kamau akasema anaweza, na kwamba yule mathee aliambiwa siku ile ile. Nikaruka. Hakuniambia! Matano, aliyekuwa mlangoni, mwanangu wa kumzaa, akasema, alikuambia, mama, ulikuwa unahesabu.

Sasa katoni zote zilizobaki majumbani zinarudi Changamwe. Isipokuwa zile za bure. Zile Kamau hazipokei, kwa sababu hakuziuza. Wanawake wakazungumza, wakaamua kwamba za bure ziwe fungu langu, na fungu langu la sukari likafidie katoni zao nilizomaliza langoni pa kiwanda.

Kisha wakauliza ni nani atakayenunua kuanzia sasa. Mikono ikaelekea kwa Mwanarusi kama nzi. Yule niliyemkanda uzazi wa mapacha ndiye wa kwanza! Mimi wakasema nitakuwa mshauri wao. Nikauliza mshauri hufanya nini. Wakasema hukaa.

Nimerudi nyumbani. Nimekaa.

Jumapili, 7 Machi

Mwanarusi kagawa sukari leo. Kaja na mzani. Nimeshuhudia kwa macho yangu, kapima mpaka sindano ikasimama katikati, akaondoa chembe zilizozidi kwa ncha ya kisu! Kwa ncha ya kisu, mwezi mtukufu! Hakumwongezea mtu hata kijiko. Nao wakampokea kwa mikono miwili, wakamwombea dua, watoto wakarukaruka kwa sababu jioni kuna tambi za sukari. Nimesikitika. Watu wameibiwa nyongeza zao mbele yangu na wanashukuru.

Ameniletea na mimi sukari kidogo, ati yake mwenyewe. Nimeipokea ili asione haya. Ilikuwa imepimwa.

Sitakaa kimya. Agneta kanieleza habari ya ghala jengine, la Likoni, ukinunua pipa la siki unapewa pipa la pili. Pipa! Nitanunua kwa fedha zangu, niwagawie wanawake siku ya Idd, wakumbuke ni nani aliyekuwa mnunuzi wao. Nimemwambia Matano alete pikapu kesho asubuhi. Ameniuliza tutafanya nini na mapipa mawili ya siki. Mtoto huyu kasoma mpaka kidato cha nne na hesabu hajui. Siki tutakayonunua ni pipa moja tu. Hilo jengine ni la bure.