Nyota Tatu za Damu Yangu

Jumanne, 3 Juni

Nimeruhusiwa! Niko nyumbani, mzima, au jirani na uzima.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa jipu. Lilipokaa sipataji hata humu daftarini. Niseme tu kwamba wiki nzima kabla ya kulazwa nilikula nimesimama na kusoma nimesimama. Mama alipouliza, nilimwambia mgongo wa mwanafunzi unahitaji kunyooka. Akanisifu! Kesho yake nikaanguka kwa homa mbele ya wateja wake. Sumu ya jipu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine. Nadhani mimi nisingekuwa naongea kabisa.

Sasa balaa. Majibu ya damu. Kabla hatujaondoka daktari aliniita chumbani kwake anieleze. Mama nilimwomba abaki nje, nikihofia jipu litatajwa pamoja na anwani yake. Daktari akaeleza kwa Kiswahili. Akarudia kwa Kiingereza. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye viatu vyake. Viatu vizuri, vya kamba. Nikaitikia kwa kichwa. Akaongeza jambo, nikaitikia tena, kwa bidii zaidi. Sikusikia hata neno moja.

Nje mama akanipa karatasi nimsomee. Imeandikwa Kiingereza, na mimi ndiye mkalimani wa nyumba hii tangu darasa la nne. Kila kipimo kisicho sawa kimewekewa nyota. Nyota zangu: tatu! Chembe za kugandisha damu, juu mno. Chembe nyeupe, juu. Wingi wa damu, chini. Mama akauliza hizi nyota ni za nini. Nikamtazama. Macho yamemvimba kwa kulala kwenye benchi la wodini.

Nikasema ni za pongezi.

Jumatano, 4 Juni

Mama kaibandika karatasi ukutani, juu ya cherehani. Kila anayekuja kupimwa gauni anaonyeshwa "nyota za mwanangu". Mteja mmoja kasema wa kwake ana miaka ishirini na hajawahi kuleta hata moja.

Hasara nimeanza kuziona. Yai langu la asubuhi kapewa mdogo wangu, tunayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Kasema mwenye nyota tatu yai la nini. Kalila polepole, akinitazama, akilamba vidole ambavyo havikugusa yai. Kitanda cha chumba cha wazazi, nilicholazwa jana, nimenyang'anywa. Halafu nikapewa ufagio. Mtu mwenye damu kama yangu, anafagia uwanja! Na siwezi kulalamika. Aliyetangaza kwamba nimepona ni mimi.

Baba huchomelea mageti, na maneno huyatoa kama anayalipia. Kasimama tu mbele ya ile karatasi, kaitazama, kaenda kunawa.

Mchana nikaiiba simu ya mama nikatafuta mtandaoni maana ya chembe za kugandisha damu zilizozidi. Magonjwa matatu. Wa kwanza saratani ya damu. Mengine mawili sikuyamaliza, macho yalikuwa yanacheza. Chini kulikuwa na sentensi inayoanza: hata hivyo, mara nyingi ongezeko hili husababishwa na... Simu ikaita. Mteja, anataka sare za wanawe. Redio akaja akainyakua.

Sikurudi kuitafuta ile sentensi. Ya leo yanatosha.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeandika wosia. Redio nilimwachia kalamu za rangi. Baada ya yai la leo nimemfuta.

Kilichobaki ni kumuuliza daktari. Lakini uso kwa uso siwezi. Hata dukani huwa nangoja wateja waishe ndipo niombe chumvi. Basi nikapata mpango. Safi kabisa! Nitapiga simu hospitali kwa sauti ya baba.

Nikaenda kufanyia mazoezi bafuni. Redio akapiga kelele nje ya mlango: "Mama! Kaka anatapika!"

Jioni mama alipotoka kununua uzi akaacha simu, nikapiga. Akapokea nesi wa wodi yetu. Aliposikia haloo yangu ya kizee akasema, "Habari za leo, mzee?" Nami, kwa sauti nzito kama geti linalovutwa, nikajibu, "Shikamoo."



Akaitikia marahaba, taratibu, kama mtu anayekanyaga penye utelezi. Nikajitambulisha kuwa baba wa kijana wa jipu. Nikamwomba anieleze majibu ya damu. Akasema mambo hayo hayasemwi kwenye simu, ila nisihangaike, kwani daktari alimweleza kijana mwenyewe, tena kwa lugha mbili. Kijana msikivu ajabu! Alikuwa anaitikia kila neno. Nimuulize yeye tu.

Nikamuuliza. Hajui.

Nesi akaongeza kwamba Alhamisi nimrudishe mwanangu kupimwa, na kwamba nimkanye aache kuona haya, maana jipu la makalio lisingefika kwenye damu kama angefungua mdomo mapema. Nikaahidi nitamkanya vikali.

Anwani imetajwa. Basi.

Jumatatu, 9 Juni

Shule. Mwalimu kaniambia nisimame darasa linipongeze kwa kupona. Nikasimama. Nikafikiria chembe zangu zinavyoongezeka huko ndani huku watu wanapiga makofi. Nikaitikia kwa kichwa.

Alhamisi, 12 Juni

Nilijua nitapelekwa na mama. Asubuhi nikamkuta baba kavaa shati la harusi. Kafunga karakana! Hajawahi kuifunga hata siku Redio anazaliwa.

Nikatolewa damu, tukangoja majibu. Nesi akatokea, akamsalimia baba, akamwambia, "Afadhali mzee, leo sauti imerudi." Nikatafuta pa kujificha. Benchi lilikuwa fupi. Baba akanigeukia, akanitazama, akamwambia nesi kwamba kweli, siku ile sauti ilikuwa mbaya sana.

Tukaingia kwa daktari wote wawili. Kabla hajaketi, baba akauliza zile nyota ni za nini. Akasema yeye hajawahi kuona hospitali ikimpongeza mtu. Na mkono wake, mkono ulioungua cheche tangu sijazaliwa, ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa meza ya daktari. Kumbe wiki nzima tulikuwa wawili wenye hofu!

Daktari akanitazama mimi. Akaeleza upya. Kwamba baada ya maambukizi makali mwili huzidisha chembe hizo kwa muda, na zenyewe hushuka polepole. Kwamba damu iliyopungua itarudi nikila vizuri, hasa mayai. Mayai! Majibu ya leo: nyota moja, nayo inafifia. Saratani hakuna. Nilitaka kulia, nikatazama viatu.

Akauliza kama nina swali. Nikatikisa kichwa. Akauliza kama kuna uvimbe mwingine popote. Nikatikisa tena.

Njiani baba akanunua trei zima la mayai. Akasema hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia: "Ukiumwa, sema, mwanangu. Hata kama ni wapi. Sema." Nikaitikia kwa kichwa. Safari hii nilisikia kila neno.

Nyumbani Redio akauliza nyota nyingine mbili zimekwenda wapi. Mama akaniambia nisikate tamaa, nitazipata tena.

Jumapili, 15 Juni

Yai langu limerudi. Nimelila polepole, nikimtazama Redio.

Kuna kitu kidogo kimetokea upande wa pili. Kidogo tu, kama punje ya mahindi. Kina joto kiasi. Kuwasumbua watu kwa jambo kama hilo, baada ya gharama zote hizi, itakuwa utovu wa adabu. Kitaondoka chenyewe. Kikikataa, ninao mpango: nesi hajawahi kuisikia sauti ya mjomba.

Mama kapita sasa hivi, kauliza mbona naandika nimesimama. Nimemwambia ni mgongo.

Kanisifu.