Mhoja na Vita vya Kuipitisha Barua ya Dagaa

…Imepita! Jamani, imepita! Enyi wana wa Mwanza, mliojenga juu ya mawe na mliojenga kati ya mawe, kuanzia Mabatini mpaka Buhongwa, shusheni ndoo, acheni kuchati, sogeeni! Leo mchana, sebuleni kwa shangazi yangu Selina, barua pepe imetumwa, na ikafika ilikotumwa. Ndiyo. Imefika. Watakaozaliwa kesho watatuonea wivu.

Lakini ngoja, nimeanzia mkiani. Shangazi Selina, Malkia wa Vichanja, haaniki dagaa mchangani kama watu wengine. Anawakausha juu ya kichanja, ndiyo maana ukiwatafuna meno hayalii. Mama Hadiya, mnunuzi wa duka kubwa huko Dodoma, alionja, akapagawa, akapiga simu: “Nitakupa rafu nzima dukani. Nitumie bei kwa barua pepe ya kampuni, leo, kabla hatujafunga ofisi. Nikikosa, rafu nampa mwingine.”

Barua ikaenda, ikarudi. Ikaenda tena, ikarudi tena, kama posa ya mlevi. Mlinzi wa mtandao wa kule Dodoma alikuwa anaikatalia getini: nitajuaje kama umetoka kwa Selina kweli, au kwa tapeli aliyevaa jina lake? Na rafu ikipotea, wale dagaa wanaong'aa, aliowageuza mmoja mmoja kwa mkono, wanaishia kusagwa chakula cha kuku. 

Ndipo akainuka, yaani akakaa vizuri kwenye kochi, binamu yangu Mhoja, Simba wa Laptopu, Mzima-Modemu-na-Kuiwasha-Tena, shujaa ambaye cheti chake cha kompyuta kimetundikwa juu ya picha ya harusi ya wazazi wake. Tovuti ya shangazi aliitengeneza yeye mwenyewe. Kuiwekea ulinzi alisahau mwenyewe vilevile, ila mashujaa hawakumbushwi.

“Shangazi!” akanguruma. “Leo naingia kwenye DNS, uwanja ambako kila tovuti hujitangaza mbele ya dunia! Humo nitasimika nguzo tatu! SPF, itakayotaja ni nani ana ruhusa ya kutuma kwa jina lako! DKIM, muhuri wa kila barua! Na DMARC, amri kwa mlinzi: asiye na ruhusa wala muhuri, timua! Niletee chai!”

“Chai utakunywa ukimaliza,” akajibu Malkia. “Dagaa wangu wameshakauka, baba, wewe ndiyo bado mbichi.”

Basi vita vikaanza. Akanakili, akabandika. Jasho likamtiririka, ingawa feni tulikuwa tumemwelekezea yeye peke yake na sisi tunajipepea kwa mifuniko ya ndoo. Nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu! Akatuma barua. Ikarudi. Akaikazia macho laptopu mpaka nikaionea huruma.

“Ni upepo wa ziwani,” akatamka. “Unavuruga mtandao.”

“Upepo huo unaipeperusha barua yangu tu?” shangazi akauliza. “Ya jirani haiigusi?”

Mimi nikasogea kuchungulia, maana hata mimi chuo nilikwenda, japo hakuna aliyenitundikia cheti. Kumbe kila nguzo ina kisanduku kimeandikwa “Jina”. Na Mhoja ni mtoto wa Kisukuma aliyelelewa! Huku kwetu ukiulizwa jina na wakubwa husemi “Mhoja” ukanyamaza kama kisiki. Unasema Mhoja wa Chenge wa Kashindye, na unakotoka. Basi kwa adabu zake zote, ndani ya kila kisanduku akaandika jina la nguzo na anwani nzima ya tovuti. Na ule mfumo, ambao nao una adabu zake, huongeza anwani wenyewe. Nikasoma kwa sauti: “DMARC wa Dagaa-Selina wa Dagaa-Selina.”

Shangazi akashika kiuno. “Huyu mbona anataja ukoo mara mbili? Amelewa? Hata mimi ningemfungia geti!”

Simba wa Laptopu aliinua kidole kimoja, kile kirefu cha mkono wa kulia, akakishusha juu ya kitufe cha kufuta. Ukoo uliozidi ukaanguka, herufi baada ya herufi, kama majeshi yanayokimbia. Tukangoja mabadiliko yaenee. Akatuma. Haikurudi.

Haikurudi! Lakini na jibu halikuja. Dodoma watu walishaanza kufunga madroo. Shangazi akakaa chini sakafuni, kanga mdomoni. Nikamwambia Mhoja afungue spamu. Na humo, jamani, kwenye takataka zetu wenyewe, alikuwa amekaa Mama Hadiya: “Imefika. Rafu ni yako, Selina.”

Shangazi akapiga vigelegele mpaka mbwa wakajibu. Mhoja akapewa chai, na sasa anatembea mtaani kama aliyechimba Ziwa Viktoria kwa kijiko.

Ila mnajua humo kwenye spamu chini ya Mama Hadiya kulikuwa na nini? Barua ya tangu masika, ya kijana wa Buzuruga, anaomba kuja nyumbani kujitambulisha kwa mambo ya posa. Jina lake, la baba na la babu, mara moja tu, bila kuzidisha! Na anataka kuja kwa ajili ya… abee, shangazi! Nakuja! Jamani naitwa nikafunge dagaa. Kesho mnikute hapahapa, maana nisiposema hili nitapasuka.