Gharika Yangu Haikuonekana

Jumatatu, 4 Machi

Redio imetangaza filamu zinazowania tuzo. Nilikuwa jikoni, sufuria mkononi, nimefunga bomba nisikose neno. Madoido bora ya picha: hatumo. Nikajipa moyo, watatusoma kwenye muziki. Muziki bora: hatumo. Mtangazaji akahamia hali ya hewa. Kesho mvua. Mvua! Ananiambia mimi, niliyechora mvua tone kwa tone mpaka macho yakavimba!

Filamu yetu ni ya vibonzo. Inaitwa Kobe Anahama. Kobe anatafuta mtaa wa kuishi, gharika inaupiga mji, anawabeba majirani mgongoni. Mke wangu amechora nyuso na mitaa. Mimi nimefanya maji. Muziki ametunga kaka yake, shemeji yangu. Pale maji yanapofika kwenye mapaa na filimbi inabaki inalia peke yake, kila tuliyemwonyesha alitoa leso. Hata mwenye nyumba wetu, na yule si mtu wa leso.

Sasa nani anawania madoido? Moshi! Tulisoma naye. Yeye hulipua na kuchoma vitu kwenye filamu za watu wengine. Wamempendekeza kwa gari linaloungua. Fani nzima inajua lile gari lilishika moto lenyewe. Moshi alikuwa chooni.

Sijui nimwambieje Shemeji. Daktari amesema sikio la kushoto limekwisha na la kulia linafuata. Anataka kitu kimoja tu: jina lake lisomwe ukumbini angali anasikia. Mimi ndiye niliyemwahidi. Nani alinituma?

Jumanne, 5 Machi

Mvua kweli. Nimekwenda kumwona katibu wa kamati ya tuzo. Mama mpole, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Nikamuuliza gharika yangu ina kasoro gani. Akasema haina kasoro, ila madoido ni kitu cha uongo kilichowekwa karibu na kitu cha kweli.

"Sasa kwenu, ndugu yangu, cha kweli kiko wapi? Kobe wa uongo, maji ya uongo, hata jua la uongo."

Nikarukia kwingine. Na muziki je? Muziki wa vibonzo, akasema, waamuzi huuhesabu humohumo ndani ya tuzo ya vibonzo. Akaongeza kwamba kwenye vibonzo tuko vizuri, vizuri sana, nikae nitulie. Alilirudia hilo akinikazia macho. Nikaona ananibembeleza kama mtoto aliyenyimwa pipi. Tuzo ya vibonzo hutolewa mwanzoni kabisa, watu wakiwa bado wanatafuta viti vyao! Nikaaga kwa heshima, nikaugonga mlango wa kioo kwa paji la uso. Sikuuona. Kioo kisafi mno.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata! Nilikuwa ninapiga mswaki, nusura niumeze. Kitu cha kweli kinakosekana? Basi tukitie! Mtu mmoja wa nyama na damu akipita ndani ya filamu, si vibonzo tena. Ni filamu ya kawaida yenye kobe wa madoido. Yenye gharika ya madoido! Na muziki wake utapimwa na muziki wa wakubwa. Kamati inapokea marekebisho mpaka wiki hii iishe, na filamu iliyorekebishwa hupimwa upya.

Mke wangu alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama nimelala vizuri. Akasema tuiache kazi ilivyo. Nikamwambia ninafanya haya kwa ajili ya kaka yake. Akanyamaza. Ukimtaja kaka yake hunyamaza. Ni silaha, ninaijua, ninaitumia.

Tatizo ni mwigizaji. Nimewapigia wote ninaowajua. Mmoja anaumwa, wa pili ana harusi, wa tatu yuko kwenye filamu ya Moshi. Moshi tena! Amebaki mama mkwe. Yuko huru na ana viatu vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Tumerekodi sebuleni. Shuka la kijani ukutani, mahali nitakapotia maji baadaye, ndoo badala ya kobe. Nilimweleza mama mkwe taratibu: Mama, unafungua mlango, unaona maji, unamwona kobe, unaondoka. Kimya. Usiseme kitu.

Akafungua mlango. Akaitazama ndoo kwa muda mrefu. Uso ukambadilika, nikasahau kwamba ni ndoo. Halafu akaanza:

"Wewe mnyama, umeibeba nyumba yako nzima, mimi yangu imekwenda na maji, na hata karibu huniambii?"

Akaketi kwenye kizingiti, akalia machozi ya kweli. Nikapiga kelele simamisha! Nikamkumbusha tulikubaliana kimya. Akajifuta, akasema, "Mkwe wangu, nani anaona gharika akanyamaza?" Mke wangu, aliyeshika kamera, naye analia. Akasema maneno ya mama yabaki, la sivyo yeye na kamera yake wanakwenda jikoni. Yamebaki.

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya. Maneno ya mama mkwe ni marefu na yameangukia palepale penye filimbi. Nilijaribu kuiteremsha filimbi chini yake. Vurugu tupu, kama watu wawili wanaogombea simu. Kimoja kitoke. Mama mkwe hawezi kutoka, yeye ndiye kitu cha kweli. Nimeikata filimbi.

Jioni Shemeji akaja kusikiliza. Aliinama mbele ya spika, kiganja nyuma ya sikio la kulia, macho amefumba. Ilipofika kwenye gharika akayafumbua.

"Shemeji, filimbi iko wapi?"

Nikasema ipo.

"Mbona siisikii?"

Nikasema ipo, ipo, inalia chini kidogo. Akasogea mpaka shavu likagusa spika. Akakaa hivyo hadi mwisho. Kisha akaniambia asante, kazi nzuri, akachukua koti lake. Alipofika mlangoni aligeuka, akaitazama ile spika kama anaaga mtu.

Nimejiambia uongo huu ni wa wiki mbili tu. Akishinda atacheka. Sikula. Mke wangu ameniuliza kaka yake ana nini, mbona ameondoka bila kumuaga. Nikasema amechoka.

Nimepeleka filamu. Katibu aliipokea, akauliza kama nina hakika. Akauliza mara ya pili. Nikamwonyesha meno yote.

Ijumaa, 15 Machi

Kamati imepiga simu! Marekebisho yamekubaliwa. Sisi si vibonzo tena. Tunawania! Nikaruka, nikajigonga kwenye rafu ya vitabu. Nikauliza, madoido au muziki? Katibu akaniomba niketi. Akasema mwigizaji bora chipukizi.

Mama mkwe!

Na madoido? Waamuzi wameona kobe anaonekana kama amechorwa. Na muziki? Wamesema ni mzuri, ila pale kwenye gharika una pengo, kana kwamba mtunzi aliishiwa pumzi.

Nimekaa kwenye ngazi za nje mpaka mwenye nyumba akaniomba nisogee apite. Mama mkwe ameshaambiwa. Anauliza avae gauni la bluu au la zambarau. Shemeji hajatoka chumbani tangu juzi. Mke wangu anasema piano yake ameifunika kwa blanketi.

Jumamosi, 23 Machi

Ninaandika nikiwa bado nimevaa suti na tai.

Ukumbi ulikuwa bado unajaa walipofika kwenye vibonzo. Mwenyekiti wa waamuzi akasema filamu waliyokuwa wameikubali kwa kauli moja, kwa picha na kwa muziki, iliondolewa na wenyewe. Kwa hiyo tuzo inakwenda kwa ya pili: sungura anayefundisha watoto kuosha mikono. Mke wangu akanigeukia. Sijawahi kutazamwa hivyo, nilitamani kiti kinimeze. Katibu alikuwa upande wa pili wa ukumbi. Alivua miwani yake akaanza kuifuta.

Moshi akachukua ya madoido. Katika hotuba alilishukuru gari.

Kisha wakaonyesha kipande cha mama mkwe kwenye gharika; mke wangu akasikia hakina filimbi, akamnong'oneza mama yake. Mama mkwe akashinda. Gauni la zambarau. Alipanda jukwaani kama mtu anayekwenda kufunga dirisha la nyumbani kwake. Akasema yeye si mwigizaji, kuna ndoo ilimtia huruma. Halafu akasema binti yake amemwambia jambo humu ukumbini, sasa hivi.

"Kumbe palikuwa na filimbi ya mwanangu, ikakatwa ili mimi niongee. Ningejua ningefunga mdomo. Mwanangu, simama watu wakuone."

Akalitaja jina lake lote, la kwake na la baba yake, ndani ya maikrofoni. Ukumbi ukalipuka. Shemeji alikuwa anautazama mkono wake, hakusikia chochote; sikio la kulia nalo limekwisha wiki hii. Dada yake akamgusa bega. Akasimama. Aliona viganja vya watu vinapiga makofi, ndipo akajua. Mama mkwe akalisema jina tena, taratibu, amemwelekezea uso ili alisome midomoni.

Nilimkuta Shemeji kwenye korido, karibu na makoti; dada yake alikuwa ameshamwandikia yote kwenye simu. Nilikuwa nimeandaa maneno. Akanishika mabega.

"Shemeji, filimbi haikuwepo?"

Nikasema haikuwepo, taratibu, aisome midomoni.

"Kwa hiyo siku ile sikio langu lilikuwa zima?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akaanza kucheka, kisha akalia, akaegemea makoti ya watu, akirudia kwamba siku ile alidhani limekwenda tayari, alishaaga. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Mke wangu akamshika mkono wakaenda zao kwa mama yao. Mimi nimerudi peke yangu kwa miguu. Nyumba iko kimya kama shimo.

Jumapili, 24 Machi

Sikulala. Kitanda kikubwa mno. Mke wangu amepiga simu asubuhi: atarudi akiwa tayari, nisimfuate. Filimbi irudi mahali pake leo hii. Nimeirudisha. Nimeisikiliza peke yangu, nikalia mpaka shingo ikauma. Nimeapa. Sitagusa tena kazi ya mtu kwa ajili ya tuzo. Imetosha. Nimekuwa mtu mpya.

Mchana nikawasha redio kidogo, kwa ajili ya sauti tu. Wametangaza tuzo nyingine, za filamu za hali halisi. Wanaoshindana ni wachache. Na wana kipengele cha muziki!

Ninawaza tu, sijaamua. Kobe si mnyama wa kweli? Gharika hazitokei? Anachohitaji kobe wetu ni mtaalamu wa kumwelezea, aketi kwenye kiti, nyuma yake pana vitabu. Baba mkwe hajawahi kumgusa kobe maishani, lakini ana mvi na sauti nzito. Nimempigia. Amefurahi mno, anasema mkewe amekuwa hashikiki tangu jana. Akauliza aigize vipi. Nikamwambia hapana, Baba, hii ni ya hali halisi, kuigiza hakuruhusiwi. Adanganye tu, kwa utulivu.