Vazi la Siku Ile

Jumatatu, 3 Juni
Balaa! Mke wangu ana tiketi mbili za treni. Jumamosi, ziwani, miaka ishirini ya ndoa. Kaniuliza siku tulipokutana alivaa nini. Nikanyanyua simu. Akanizuia: anataka jibu la kichwani mwangu. Nikishindwa, ataenda na dada yake. Yule shemeji! Anakumbuka namba za simu za ukoo mzima na hutaja bila kuombwa.

Nimeuliza mtandao kwa siri. Nimeletewa matangazo ya magauni.

Jumanne, 4 Juni
Mpango kabambe: kumpeleleza mama mkwe. Mimi, mwalimu wa jiografia, nilifuata ramani ya simu hadi uwanja wa mpira. Kwenda kwenye nyumba ninamokula kila Jumapili! Nilipofika kwa mama mkwe, mke wangu alikuwa ameshamwonya. Akanipa chai, kisha akanionyesha njia ya kurudi nyumbani.

Jumatano, 5 Juni
Ushindi! Kompyuta imezipanga picha zetu zote kwa sura. Picha ya mke wangu iliyo ya zamani kuliko zote: gauni la kijani. Nikatangaza mbele ya shemeji, kifua mbele.

Shemeji akacheka hadi akashika ukuta. Gauni lake mwenyewe. Picha yake mwenyewe; kompyuta imemdhania dada mtu. Mke wangu hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 7 Juni
Umeme umekatika tangu asubuhi. Simu imezima. Nikakaa tu, namtazama mke wangu akishona kifungo cha shati langu la kazini. Akang'ata uzi.

Mara kumbukumbu ikanijia: zahanati, siku ile tulipokutana! Nimeona sindano, nimezirai. Nafumbua macho: koti jeupe la muuguzi, ndiye yeye, vifungo vyeupe vinne na kimoja chekundu. Nikamwambia. Akaacha kushona, akaenda kwenye kopo lake, akarudi na kifungo chekundu. Kakitunza! Macho yalimlowa. Na mimi pia, tusifichane. Nampenda sana mtu huyu.

Jumamosi, 8 Juni
Umeme umerudi. Nimeandika habari yote ya kifungo kwenye simu, isije ikanitoka tena. Nikamwomba mke wangu anitumie na tiketi humo humo, nikafunga kila kitu kwa nenosiri jipya.

Stesheni. Mkagua tiketi kanyoosha mkono. Nenosiri limeyeyuka! Nikajaribu hili, nikajaribu lile, simu ikajifunga. Mke wangu akafungua mkoba, akatoa karatasi mbili. Alizichapa Jumatatu, moja ina jina langu. Kumbe nafasi ilikuwa yangu tangu mwanzo!

Sasa amesinzia begani kwangu. Maskini, namhurumia. Zama hizi, mtu bado anategemea karatasi!