Kiingereza Kilichonipeleka Milimani

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Baba yake mchumba wangu Lorine, Mzee Oduor wa Sondu, amekataa kumwoza binti yake kwa mtu wa vibarua kama mimi. Anataka mkwe mwenye uhakika wa kazi. Akakitamka Kiingereza chenyewe: job security. Vizuri! Kesho nina mahojiano katika ofisi moja mtaani Milimani, nafasi ya karani. Jirani yangu hapa Migosi, Opondo, naye ameitwa. Maskini! Hana maneno mazito. Mimi sasa ninayo.

Jumanne, 5 Agosti
Nimewamaliza! Madam Awuor, mwenye ofisi, aliuliza ninatafuta kazi ya namna gani. Nikasimama. Nikafunga kifungo cha koti. "Madam, I want a security job!" Akauliza kama nina hakika. Nikarudia kwa sauti ya kwaya. Akataka kujua urefu wangu, na kama naogopa mbwa. Opondo hakuulizwa habari za mbwa. Ni wazi nimewekewa cheo kikubwa.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata! Opondo pia, ila ukarani tu. Anadai niligeuza maneno: job security ni uhakika wa kazi, security job ni kazi ya kulinda. Wivu! Ugali kwa samaki, samaki kwa ugali, tumbo linajua tofauti?

Alhamisi, 7 Agosti
Nimepewa sare, rungu na filimbi. Kumbe ni kulinda geti. Nikasimama wima. Opondo alipofika nilimpekua mara mbili.

Jumapili, 10 Agosti
Sondu. Mzee Oduor aliuliza, "Yaani wewe ni soja wa geti?" Akacheka mpaka akashika mbavu. Lorine akainamisha uso. Masikio yangu yaliwaka moto. Kisha Mzee akauliza mkataba unaisha lini. Nikasema wangu ni wa kudumu, wa Opondo ni miezi mitatu. Kicheko kikakatika. Akaniita mkwe! Akaniongezea paja la kuku. Basi Kiingereza changu kilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Jumatatu, 11 Agosti
Mkwe wa watu hawezi kuzeekea getini. Kesho namwomba Madam anipandishe cheo. Nimetunga mwenyewe sentensi ya kuomba aniruhusu nisonge mbele: "Madam, please let me go." Opondo amenisihi kwa mikono miwili nisiitamke, eti ni kuomba kufukuzwa. Huyu jirani! Viatu nimeshavipiga rangi. Nitaisema mara mbili, kwa sauti.