Gharama Halisi ya Dakika Mia Tatu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Simu.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPUNGUZIWA DAKIKA NA KUREJESHEWA GHARAMA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote mnaokaa upande wa pili wa ile namba ya msaada. Mimi ni mkaguzi mstaafu wa mizani na vipimo. Kwa miaka thelathini na mmoja nilizunguka madukani na mawe yangu ya kupimia, na wapo waliofungiwa duka kwa upungufu wa gramu ishirini. Nayaeleza haya mapema ili ujue unaandikiwa na mtu asiyetia chumvi.

Miezi miwili iliyopita binti yangu, ambaye ni muuguzi na hana muda wa kubishana, aliniunga kwenye kifurushi chenu cha mwezi: dakika mia tatu kwa elfu kumi. "Baba, hii ni bei ya bure," alisema. Naomba nieleze taratibu kwa nini si ya bure.

1. Dakika ni nyingi mno. Mimi na mke wangu tunaishi nyumba moja na mazungumzo yetu hayahitaji mtandao. Mwezi wa kwanza ulipobakiza siku tatu, nilikuwa nimetumia dakika kumi na tisa.

2. Zisipotumika zinapotea. Nilipiga namba ya msaada nikapokelewa na binti mwenye sauti ya upole. Nikamuuliza zinapotea kwenda wapi. "Haziendi popote, mzee wangu, zinaisha tu." Nikamweleza kwamba mwenye duka uliyemlipa bei ya kilo tatu za unga hawezi kukupokonya zilizobaki kwa sababu tarehe imebadilika. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi mzee, si umpigie hata ndugu yako muongee ziishe?" Tafadhali zingatia kwamba ushauri huu ulitoka ofisini kwenu.

3. Ndugu ninaye. Ni mdogo wangu, fundi seremala, na tulikuwa hatujasemeshana miaka kumi na mmoja, tangu aliposimama kuhutubia kwenye harusi ya binti yangu nami nikasimama kumsahihisha tarehe. Nilimsahihisha mara nne. Tarehe zangu zilikuwa sahihi. Hata hivyo siwezi kuacha kitu nilichokilipia, hivyo nikampigia. Dakika mbili za mwanzo tulinyamaza, nazo mlizihesabu. Kisha akauliza, "Kaka, kuna msiba?" Nikamjibu hapana, nina dakika. Alicheka mpaka akakohoa. Tukazimaliza zote kwa siku tatu.

4. Mtu uliyeongea naye kiasi hicho huwezi kumwambia asije. Alikuja na mkewe, shemeji yangu, kwa wiki moja, na hii ni wiki ya nne. Unga, mchele na sukari: elfu thelathini na nne. Godoro jipya, kwa kuwa la wageni lilikuwa limeliwa na panya kwa kukosa wageni: elfu tisini na sita.

5. Seremala hawezi kukaa bure. Aliona mlango wa chumba chetu umepinda, akaung'oa. Mlango mpya ulipoanza kupendeza, kabati lililo kando yake likaonekana la aibu. Mbao, misumari na vanishi: elfu sabini na tano. Kwa sasa tunalala nyuma ya pazia. Isitoshe, anapima kwa shibiri, mbele yangu. Nilipofungua mdomo, mke wangu alisema, "Wewe mzee, mwache shemeji yangu afanye kazi."

Jumla, pamoja na kifurushi chenyewe, ni laki mbili na elfu kumi na tano. Dakika mnayoitangaza kwa thelathini na nne inanigharimu mia saba na kumi na saba, nikiikadiria kwenda juu kama mfanyavyo ninyi. Pensheni yangu haitafika mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo naomba: nipunguziwe dakika zibaki ishirini, nirejeshewe laki mbili na elfu tano, na yule binti aelekezwe asimshauri mteja kumpigia ndugu kabla ya kuuliza ndugu huyo anafanya kazi gani.

Wasalimie wahasibu, walinzi wa getini na wanaopanda minara. Mke wangu na shemeji wanawasalimu. Mdogo wangu anasema mkihitaji meza za ofisi, yupo.

Wako mvumilivu,
Mkaguzi mstaafu
(namba yangu mnayo)

Tanbihi: Barua hii imekaa siku tatu ikisubiri bahasha. Wageni waliondoka juzi. Mimi na mke wangu tumekaa sebuleni tukisikiliza jokofu. Hadi jana jioni dakika zangu zote zilikuwa zimekwisha, na mdogo wangu alikuwa katikati ya sentensi. Naomba mniunge leo hii kwenye kifurushi cha dakika elfu moja. Hesabu za hapo juu sizifuti, kwa kuwa ni sahihi. Mzisome tu kama makadirio ya mwezi ujao, maana wanarudi.